Hesabu za mwendo: kikwazo ni lugha kabla ya namba

Yapo maswali katika vitabu vya hisabati vya shule za msingi ambayo mwalimu akiyaandika ubaoni darasa zima hunyamaza. Gari moja limetoka huku na jingine kule. Hili lina kasi hii na lile kasi ile. Je, yatakutana wapi, na saa ngapi? Mtoto ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akizidisha na kugawanya pasi na taabu huitazama kalamu yake kana kwamba ndiyo inayojua jibu. Wako wanaojumlisha kila namba waionayo. Wako wanaozidisha. Walio wengi humsubiri mwalimu aandike kanuni, nao wainakili.

Matokeo yakitoka vibaya huambiwa kwamba watoto wa pwani hawapendi hisabati, au walimu hawatoshi, au wazazi hawajali. Sikatai kwamba uhaba wa walimu na vitabu ni jambo la kweli katika kaunti ya Kilifi kama ilivyo katika kaunti nyingi nyingine. Lakini mimi ni mtu wa isimu, na nikiyasoma maswali haya kwa jicho la taaluma yangu naona jambo jingine ambalo halizungumzwi. Hesabu ya kasi ya vitu viwili ni swali la lugha kabla halijawa swali la namba. Asiyeweza kusema kwa maneno yake mwenyewe ni nini kinachotokea baina ya magari yale mawili hawezi kujua ajumlishe au atoe, hata angalikariri kanuni zote. Nasi tunamnyima mtoto wa Malindi nafasi ya kulisema jambo hilo kwa lugha ambayo, kwa bahati njema, ina maneno mengi na makini sana kuhusu kukutana, kufuatana na kupishana.

Tuchukue barabara tunayoijua. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na Kilifi iko takriban katikati. Tuseme lori laondoka Mombasa saa mbili asubuhi likielekea Malindi kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa. Saa hiyo hiyo matatu yaondoka Malindi kuelekea Mombasa kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa. Vyombo hivi viwili vitakutana lini na wapi?

Mwalimu mwenye haraka ataandika: jumlisha kasi mbili upate 120, kisha ugawanye umbali kwa kasi, jibu ni saa moja. Jibu ni sahihi. Vyombo vitakutana saa tatu, kilomita 40 kutoka Mombasa, yaani maeneo ya Vipingo kwenye mashamba ya mkonge. Lakini mwanafunzi mwenye ujasiri ataweza kuuliza: kasi hizi tumezijumlisha kwa nini, hali hakuna gari hata moja hapa linalokwenda kilomita 120 kwa saa? Swali hili lina thamani kuliko lile jibu. Ile 120 si kasi ya lori wala ya matatu. Ni kasi ya kupungua kwa pengo lililo baina yao. Katika saa moja lori hula kilomita 40 za pengo hilo kutoka upande mmoja, matatu hula kilomita 80 kutoka upande wa pili, na pengo lote limekwisha.

Sasa tubadilishe kidogo. Lori ni lile lile, limeondoka Mombasa saa mbili. Matatu nayo yatoka Mombasa, lakini saa tatu, na njia ni ile ile ya Malindi. Italipata lori wapi? Ifikapo saa tatu lori limekwisha kutangulia kwa kilomita 40. Kila saa ipitayo matatu hukata kilomita 80, lakini lori nalo halikusimama kuingoja; lasogea kilomita 40. Kwa hiyo pengo hupungua kwa kilomita 40 tu kila saa, na matatu italifikia lori saa nne, kilomita 80 kutoka Mombasa, yaani kilomita 20 hivi kupita Kilifi. Namba za kasi ni zile zile, 40 na 80. Mara ya kwanza tulijumlisha, mara ya pili tukatoa. Kilichobadilika ni kitenzi. Kwanza vyombo vilikuwa vikielekeana, kisha kimoja kikawa chakifuata kingine.

Na kitenzi cha Kiswahili, msomaji, ni kitu cha ajabu. Nani kati yetu alipata kufundishwa tofauti ya "Juma amemkimbia mwalimu" na "Juma amemkimbilia mwalimu"? Hakuna. Mtoto wa miaka mitatu aijua. Tofauti ni silabi moja tu, lakini katika sentensi ya kwanza pengo kati ya Juma na mwalimu laongezeka, na katika ya pili lapungua. Ukisema "wanakimbizana" umeleta hali ya tatu: wote wawili wako mbioni, upande mmoja, na hatujui bado kama pengo lapungua au laongezeka mpaka tuambiwe nani ana mbio zaidi. Hiyo ndiyo hesabu ya kasi yenyewe, imekwisha kutamkwa kabla ya namba yoyote kuandikwa.

Au tazama kukuta, kukutana na kulaki. Nikimkuta mtu sokoni, mimi ndiye niliyesogea, yeye alikuwako. Tukikutana njiani, wote wawili twasogea. Nikienda kumlaki mgeni, mimi nimetoka makusudi kuufupisha mwendo wake. Maneno haya yana hesabu tatu tofauti ndani yake. Katika vitabu vyetu vya Kiingereza neno linalotumika kwa magari yanayokutana ni lile lile ambalo mtoto alifundishwa kumwambia mgeni kwamba amefurahi kumjua. Si ajabu akiona lori na matatu vimekutana akadhani vimesimama kuamkiana.

Kiambishi kile cha -ana, ambacho wanasarufi hukiita cha kutendana, si mali ya Waswahili peke yao. Kigiriama wanacho, Kichonyi wanacho, na lugha nyingi za Kibantu. Kwa hiyo mtoto wa Ganze au Bamba, ambaye huenda Kiswahili ni lugha yake ya pili na Kiingereza ni ya tatu, ana chombo hiki nyumbani kwao tayari.

Lakini hapa ni lazima nitoe onyo, maana najua tabia yetu walimu. Tukisikia jambo kama hili twataka kuligeuza kuwa kanuni ya mkato: "Ukiona -ana, jumlisha." La! Magari yanayofuatana yana -ana, na kasi zake hutolewa. Kupishana nako kuna vichekesho vyake: mabasi mawili yakipishana darajani, kasi hujumlishwa, ndugu wawili wakipishana umri, miaka hutolewa. Mtindo huu wa kuwapa wanafunzi orodha ya maneno ya kuwinda ndani ya swali, neno hili ni la kujumlisha na lile ni la kutoa, ndio uliotufikisha hapa tulipo. Mtoto huacha kusoma swali akawa mwindaji wa maneno. Mtahini akibadilisha neno moja, mwindaji hurudi mikono mitupu. Swali la kumfundisha ajiulize ni moja tu: pengo baina ya hawa wawili lafanya nini kila saa ipitayo?

Kuna njia nyingine ya kulijibu swali hilo, nayo ni kupanda gari. Mtu aliyeketi dirishani katika matatu itokayo Mtwapa huona minazi ikirudi nyuma. Anajua kwamba minazi haiendi popote, lakini macho yake yamefanya hesabu iliyo sahihi kabisa: ukilifanya gari ndilo lililosimama, basi dunia ndiyo inayokwenda. Gari jingine likiwa sambamba na letu kwa kasi ile ile, laonekana limesimama. Lijalo mbele laonekana limeruka. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1632 kwa mfano wa chumba kilichofungwa ndani ya merikebu, kwamba aliye ndani, bahari ikiwa shwari, hawezi kujua kwa kutazama vitu vilivyomo kama chombo chaenda au kimetia nanga. Wanaisimu nao walilifikia kwa njia yao. Mmarekani Leonard Talmy alionyesha kwamba kila tunapozungumza juu ya mwendo twachagua kitu kimoja tukakisimamisha, halafu tukakipimia kingine kwacho. Uchaguzi huo hufanywa na sarufi, mara nyingi bila sisi kutambua. Tunaposema "matatu inalifuata lori" tumekwisha kulifanya lori kuwa alama yetu. Kilichobaki ni kuketi juu ya lori lile, tugeuke nyuma, na tutazame matatu ikitujia. Yaja kwa kilomita 80 ikipimwa na barabara, lakini ikipimwa na sisi yaja kwa 40.

Kabla sijaenda mbele, nitaje mtego mwingine wa lugha ambao walimu wa pwani wanaujua vyema. Ni mtego wa saa. Swali la Kiingereza lasema basi limeondoka 10.45 asubuhi likafika 1.15 alasiri. Mtoto husoma kwa Kiingereza lakini hufikiri kwa Kiswahili, na katikati ya safari hiyo namba moja hugeuzwa na nyingine husahauliwa. Akiandika kumi na dakika 45 kwa upande mmoja na saba na robo kwa upande wa pili, hakuna kutoa kutakakomsaidia. Lakini tumwache ageuze zote mbili, tuone. Basi limeondoka saa nne na dakika 45, limefika saa saba na dakika 15. Atoe: saa mbili na nusu. Kwisha. Aliyebaki na saa za Kiingereza ana namba ya kuwasili iliyo ndogo kuliko ya kuondoka, na itambidi aruke saa sita mchana ndipo aanze kuhesabu upya. Sisi huhesabu saa tangu macheo, na kwa sababu hiyo mchana kutwa namba zetu hupanda bila kukatika, kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Nimewasikia watu wakiona haya kwa saa za Kiswahili kana kwamba ni ushamba. Kwa hesabu za safari za mchana ni nyepesi kuliko zile za Kiingereza.

(Saa mbili na nusu, nikumbushe, huandikwa 2.5 na si 2.30. Safari ya kilomita 120 kwa saa mbili na nusu ni kasi ya kilomita 48 kwa saa. Anayegawanya kwa 2.30 hupata 52 na ushei, na hajui alikokosea.)

Huenda msomaji akasema: haya yote ni ya mtihani, na mtihani hupita. Nadhani hapana. Barabara ya kutoka Kilifi kwenda Malindi ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kila siku juu yake madereva wa matatu, wa malori na vijana wa bodaboda hufanya hesabu ya kasi mbili kwa macho, na wengine hukosea. Tuifanye hesabu hiyo hapa kwenye karatasi, ambako kukosea hakuui.

Kanuni za mwaka 2003, zile zilizofungamana na jina la waziri John Michuki, ziliweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria na kuagiza yafungwe vidhibiti mwendo. Tuseme basi matatu yaenda 80, na mbele yake pana lori liendalo 60. Dereva ataka kulipita. Aanze mita 20 nyuma ya lori, arudi kwenye njia yake akiwa mita 20 mbele yake, na tujumlishe urefu wa lori, mita 15, na wa matatu yenyewe, mita 5. Jumla ni mita 60 ambazo lazima azipate juu ya lori. Azipata kwa kasi gani? Si 80. Ni 20, ile tofauti. Mita 60 kwa kilomita 20 kwa saa ni sekunde 10.8. Muda wote huo yuko upande usio wake. Na huko mbele laja basi, nalo lina kilomita 80. Pengo baina ya matatu na basi hilo halipungui kwa 80. Lapungua kwa 160. Katika sekunde zile 10.8 limepungua kwa mita 480. Dereva asiyeona nusu kilomita ya barabara iliyo tupu mbele yake hana nafasi ya kupita.

Sasa lori lile likaze mwendo kidogo tu, liende 70. Dereva wa matatu mwenye kidhibiti hawezi kuzidisha 80. Tofauti imekuwa 10, muda wa kupita umekuwa sekunde 21.6, na barabara tupu anayoihitaji ni mita 960. Karibu kilomita nzima! Macho ya kawaida husema kwamba lori liendalo 70 na liendalo 60 ni karibu sawa, na kwamba kilichoongezeka ni kitu kidogo. Kwa anayelipita, limeongeza hatari maradufu. Kijana wa darasa la nane aliyeielewa hesabu hii, si aliyeikariri, anajua jambo ambalo abiria wengi wazima hawalijui wanapomhimiza dereva apite.

Babu zetu wa pwani hawakuwa na lami, lakini hesabu hii walikuwa nayo baharini. Mvuvi wa Mida au wa hori la Kilifi hatoki wakati wowote apendao. Hutoka na maji yanayokupwa, hurudi na maji yanayojaa. Tumpe namba. Mtumbwi wake kwa kafi waenda kilomita 5 kwa saa penye maji yaliyotulia, na mkondo una kilomita 1 kwa saa. Anakwenda umbali wa kilomita 6 na kurudi. Akienda na mkondo ana kasi ya 6, na akirudi akipingana nao ana kasi ya 4. Kwenda ni saa moja, kurudi ni saa moja na nusu. Jumla dakika 150. Wanafunzi wengi hudhani kwamba alichopewa na mkondo wakati wa kwenda ndicho alichonyang'anywa wakati wa kurudi, kwa hiyo hesabu iwe sawa na ya maji matulivu. Lakini penye maji matulivu angalitumia dakika 144. Ameibiwa dakika 6. Kwa nini? Kwa sababu mkondo ulimsaidia kwa saa moja tu, lakini ukampinga kwa saa moja na nusu. Na yule aliyesubiri maji yageuke, akaenda nayo na kurudi nayo, ametumia dakika 120. Hakuongeza nguvu hata kidogo katika kafi yake.

Kuna ushahidi mkubwa zaidi, na nguzo yake imesimama Malindi hadi leo. Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani ambaye wanahistoria hawajakubaliana ni nani, akafika pwani ya Calicut, India, tarehe 20 Mei. Siku 26. Alikuwa amepata pepo za kusi zikianza. Wakati wa kurudi hakuwasikiliza wajuao majira. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba mwaka ule, kabla kaskazi haijavuma sawasawa, na hakuiona Malindi mpaka Januari 1499. Takriban miezi mitatu kwa bahari ile ile na merikebu zile zile. Mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye njiani, na chombo kimoja ikabidi kichomwe moto kwa kukosa watu wa kukiendesha. Nahodha wa jahazi la Lamu au Malindi asiyejua kusoma angalimweleza kwamba kasi ya chombo si ya tanga peke yake. Kwa hakika msamiati wake ulikuwa umejaa habari hiyo: kusi, kaskazi, matlai, demani, kubisha. Nionavyo mimi, mtoto wa pwani hatoki katika jamii isiyojua hesabu za mwendo. Anatoka katika jamii iliyozifanya kwa karne nyingi, na shule haijamwambia.

Sasa kuhusu shule. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake, kisha Kiingereza kishike nafasi kuanzia darasa la nne. Hesabu za kasi huja baada ya hapo. Kwa hiyo katika maisha yote ya KCPE, mtihani uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, watoto wetu walikutana na maswali haya kwa Kiingereza tu. Mtihani huo umekwenda na mtaala mpya umekuja, lakini lugha ya hisabati haikubadilika.

Najua pingamizi nitakayopewa. Mtihani ni wa Kiingereza, na anayewaeleza watoto kwa Kiswahili anawachanganya. Tena, Tanzania imekuwa ikifundisha shule za msingi kwa Kiswahili tangu 1967, na hatujasikia kwamba kila mtoto wa Tanga amekuwa bingwa wa hisabati. Hoja hii ya pili naikubali nusu. Kufasiri swali baya kwa Kiswahili hutupa swali baya la Kiswahili. Sidai kwamba lugha ya kufundishia ikibadilishwa peke yake hesabu zitajitatua. Ninalodai ni dogo zaidi, na halihitaji tume wala sera: kabla ya namba, na kabla ya Kiingereza, hali yenyewe isimuliwe.

Mwalimu awasimamishe wanafunzi wawili uwanjani, mmoja kila mwisho, awaambie watembee. Darasa liseme kinachotokea kwa Kiswahili, au kwa Kigiriama ikiwa ndicho wanachokijua wote. Wanaelekeana au wanafuatana? Nani ametangulia? Pengo lafanya nini? Kisha mchoro wa mstari mmoja uchorwe ubaoni. Ndipo sentensi ya Kiingereza iletwe na kuwekwa kando ya ile ya Kiswahili, mtoto aone kwamba zasema jambo moja. Namba zije mwisho. Somo la kwanza kabisa lisiwe na namba hata moja. Mtihani utabaki wa Kiingereza, lakini mtahiniwa atakuwa anasoma habari ya jambo ambalo amekwisha kulifahamu.

Mwalimu wa Kiswahili naye asijifiche nyuma ya methali. Achukue swali la hisabati alifanye kuwa kifungu cha ufahamu. Aulize: ni nani anayetenda hapa, na nani anayetendwa? Kitenzi hiki kikiondolewa -ana kitakuwa na maana gani? Wanafunzi wataona kwamba sarufi ina kazi nje ya daftari la sarufi. Waandishi wa vitabu nao nawasihi wapunguze magarimoshi. Hakuna reli kutoka Mombasa kwenda Malindi, na mtoto wa Marafa anayesoma juu ya garimoshi refu la mita 200 linalovuka daraja hulazimika kulibuni garimoshi kwanza. Mwandikieni daraja la Kilifi, ambalo tangu lifunguliwe mwaka 1991 limetuondolea kungoja kivuko. Mwandikieni matatu, baiskeli, mashua na maji yanayokupwa.

Nawe mwanafunzi uliyefika hapa, nakuachia moja. Tuseme kutoka Gede hadi Watamu ni kilomita 6. Mwanaisha atoka Gede saa tatu asubuhi kwa miguu, kilomita 4 kwa saa, akielekea Watamu. Kahindi atoka Watamu kwa baiskeli saa tatu na nusu kwenda kumlaki, kilomita 12 kwa saa. Atamkuta saa ngapi, na wapi? Akimpakia kwenye baiskeli wakarudi Watamu kwa kilomita 9 kwa saa, watafika saa ngapi? Andika kwanza kwa sentensi ya Kiswahili pengo lao lilikuwa kiasi gani Kahindi alipopanda baiskeli, na kila mmoja analipunguza kwa kiasi gani. Ukimaliza sentensi hiyo ndipo ushike namba, na saa uziandike kwa Kiswahili.